Kijana Aliyeamka Akiwa Mdudu

Ngano zetu zina mlango wa kuingilia. Msimulizi anasema paukwa, nyinyi mnaitikia pakawa, na kila aliyeketi hapo anajua tumeshavuka: sungura atasema, nyoka ataposa, mti utatoa ushauri, wala hakuna atakayeuliza imekuwaje. Hadithi ikiisha tunautia mlango komeo, kila mtu anarudi kwenye vyombo vyake vya kuosha na ndoo yake ya maji.

Leo, wanangu, nawaletea hadithi isiyo na mlango huo. Iliandikwa mwaka 1912 katika mji wa Prague, wakati huo ukiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na mwandishi wake, Franz Kafka, hakumwonya mtu. Katika sentensi ya kwanza tu, kijana mmoja anaamka asubuhi kitandani mwake na kujikuta amegeuka mdudu mkubwa. Hakurogwa. Hakula tunda la mwiko, hakumtukana bibi kizee njiani, hakuvunja kiapo cha mtu. Ameamka tu, amelala chali, mgongo umekuwa gamba gumu, na vijiguu vingi vyembamba vinachezacheza mbele ya macho yake bila kumsikiliza.

Sisi tungepiga yowe. Kijana huyo, Gregor Samsa kwa jina, anatazama saa.

Gregor ni muuzaji wa vitambaa. Husafiri mji hadi mji kwa treni, sampuli zake ndani ya sanduku. Saa ya kengele aliitega imwamshe saa kumi alfajiri, na sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Treni ya saa kumi na moja imeshaondoka, na mtumishi wa ofisi aliyekuwa akimsubiri kituoni bila shaka ameshapeleka habari kwa bosi. Treni inayofuata ni ya saa moja. Akisema anaumwa, je? Bosi atakuja nyumbani na daktari wa bima, na kwa daktari huyo duniani hakuna wagonjwa, kuna wavivu tu. Mtu ana miguu ya mdudu, na anachowaza ni hasira ya bosi!

Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza, nikiwa bado kijana, nilicheka sana hapo. Kisha nikaacha kucheka, maana watu wazima wa namna hiyo niliwajua. Niliwahi kumwona mmoja akitapika kando ya barabara, akajifuta mdomo, akatazama saa, akapanda daladala kwenda kazini.

Kitabu chenyewe ni chembamba, unaweza kukimaliza kwa jioni moja. Kwa Kijerumani, lugha aliyoandikia Kafka, kinaitwa Die Verwandlung. Tukikiita Mgeuko tutaelewana. Kilichapishwa mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, na hadi leo watu wanabishana kinahusu nini. Wako wanaosema kinahusu dini, wengine ukoloni, wengine ugonjwa wa akili. Mimi ni mtu wa ngano, na ngano hunifundisha kuuliza maswali ya kawaida kwanza: nani analisha nyumba hii, na nani anakula?

Hata hivyo, karibu kila ninapowasimulia vijana kisa hiki, kuna mmoja anayenikatiza kabla sijafika huko. Anauliza: kwa nini hawakumwita daktari? Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa na wasomi, na jibu limo kitabuni, ila limefichwa. Walimwita. Asubuhi ileile, mlango ukiwa bado umefungwa kwa ndani na sauti ya Gregor imeshaanza kuwa ya mnyama, mama anamtuma binti yake, Grete, akimbilie daktari. Papo hapo baba anamtuma mtumishi wa ndani amlete fundi wa makufuli. Wasichana wawili wanatoka mbio. Wakiwa hawajarudi, Gregor anauzungusha ufunguo kwa mataya yake, anajiumiza, mlango unafunguka. Watu wanamwona. Karani mkuu wa kampuni, aliyekuja mwenyewe kuuliza kwa nini mfanyakazi amechelewa, anarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi, kisha anatimka. Mama anaanguka chini. Baba anashika bakora ya karani mkono mmoja na gazeti mkono wa pili, anamswaga mwanawe kurudi chumbani.

Na daktari? Kurasa kadhaa baadaye, kwa kupitia tu, tunaambiwa kwamba Gregor hakupata kujua daktari na fundi walipewa visingizio gani ili waondoke. Basi, hayo tu. Tiba ilifika nyumbani, ikaambiwa hakuna mgonjwa.

Simameni hapo kidogo. Sijui mtaa niliowahi kuishi usiokuwa na nyumba ya namna hiyo: chumba cha uani chenye pazia lisilofunuliwa, mtu ndani yake tunayemsikia akikohoa au akiimba peke yake, na wageni wakija watoto wamefunzwa kusema hakuna mtu. Kafka hakuijua mitaa yetu. Aliijua aibu.

Sasa tufuate pesa. Biashara ya baba yake Gregor ilianguka miaka mitano kabla ya asubuhi ile. Wazazi wanadaiwa na huyohuyo bosi wa Gregor, na ndiyo sababu kijana haachi kazi anayoichukia. Amepiga hesabu kwamba deni litaisha baada ya miaka mitano au sita mingine. Pango analipa yeye, chakula chake, mtumishi wake. Mwanzoni alipokuwa akimwaga fedha mezani watu walishangilia. Baadaye wakazoea, wakawa wanazipokea kwa shukrani ile ya mdomoni. Baba hafanyi kazi. Kifungua kinywa chake huchukua saa nzima nzima, gazeti juu ya gazeti. Mama ana pumu. Grete ana miaka 17, husaidia kidogo nyumbani na kupiga fidla, na Gregor ana siri moja tamu moyoni: mkesha wa Krismasi atatangaza kwamba atamlipia dada yake masomo ya chuo cha muziki, gharama iwe iwavyo.

Siku ileile ya kwanza, akiwa amejibanza nyuma ya mlango, Gregor anamsikia baba akiwaeleza mama na dada hali ya fedha. Mzee anainuka mara kwa mara kuchukua hati na daftari kwenye kasha la chuma aliloliokoa biashara ilipoanguka. Kumbe kuna akiba. Si nyingi, lakini ipo, na miaka yote imekuwa ikizaa riba. Kumbe hata fedha alizokuwa akileta Gregor kila mwezi hazikutumika zote. Zilikuwa zikiwekwa pembeni. Deni lingeweza kupunguzwa mapema, na siku ya kijana kuaga kazi ile ingekuwa karibu zaidi.

Mimi nilikitupa kitabu kitandani kwa hasira. Gregor mwenyewe anafanya nini? Anafurahi. Anatikisa kichwa huko nyuma ya mlango, anaona baba amekuwa na busara kuweka akiba. Kitabu hiki kina kurasa za kifo na za maumivu, na hakuna hata moja inayonichoma kama hiyo.

Kafka aliyajulia wapi haya? Watu wengi humfikiria kama mtu wa ndoto mbaya aliyejifungia gizani. Mimi humfikiria akiwa ofisini. Alisomea sheria, na kuanzia mwaka 1908 aliajiriwa Prague katika taasisi ya bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Alipanga viwanda kwa madaraja ya hatari, akajibizana na wenye viwanda waliokwepa michango, akaandika taarifa za namna ya kuzuia ajali. Taarifa yake mojawapo inahusu mashine za kuranda mbao. Mhimili wa mashine za wakati ule ulikuwa wa mraba, na kati ya visu na meza palibaki mwanya mpana. Ubao ukiruka, vidole vya fundi viliingia humo. Kafka akaeleza, na taarifa ikawekewa michoro, kwa nini mhimili wa duara ni salama zaidi. Niliposoma habari hiyo nilihisi nimepata ufunguo ambao walimu wangu hawakunipa. Mezani kwake yalipita mafaili ya watu waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa na mikono miwili. Mtu aliyekuwa akilisha ukoo anarudi hana vidole, na kuanzia jioni ile nyumba inamtazama kwa jicho jingine. Someni tena mwanzo wa Mgeuko mkiwa na mafaili hayo kichwani: mfanyakazi anaamka na mwili usioweza tena kwenda kazini. Mchawi wa nini?

Hata namna anavyosimulia ni ya ofisini. Hapigi kelele, hashangai, hatumii maneno makubwa. Anaeleza upana wa kitanda, urefu wa kochi, ni mguu upi uliumia mlangoni, na kioevu cha rangi gani kilitoka kinywani. Gabriel García Márquez, yule bingwa wa riwaya kutoka Colombia, alikisoma kitabu hiki alipokuwa mwanafunzi mjini Bogotá, na baadaye akasema kwamba hakujua kuwa mtu anaruhusiwa kuandika namna hiyo. Akakumbuka kwamba bibi yake alisimulia maajabu yake kwa sauti hiyohiyo, uso mkavu. Kila aliyelelewa na bibi msimulizi anaielewa sauti hiyo. Bibi akikuambia jini alibisha hodi saa saba usiku, hakuambii kwa mshangao. Anakuambia alivaa nini.

Iko sababu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani kwake. Mwaka huo wa 1912 Kafka alikuwa na miaka 29 na bado aliishi na wazazi, katika chumba cha kupitia kilichokuwa kati ya sebule na chumba chao cha kulala. Kazi ya bima iliisha saa nane mchana, naye aliandika usiku wengine wakilala. Familia ilikuwa na kiwanda kidogo cha asbesto kilichosimamiwa na shemeji yake. Mwezi Oktoba shemeji akasafiri, wazazi wakamtaka Kafka akasimamie kiwanda alasiri. Kukataa kukaleta ugomvi, na hata Ottla, dada yake mdogo na kipenzi chake, safari hiyo akasimama upande wa wazazi. Kafka akamwandikia rafiki yake Max Brod barua ya uchungu mkubwa, kiasi kwamba Brod aliingiwa na hofu na kumwandikia mama yake Kafka kwa siri. Wiki chache baadaye, mnamo tarehe 17 Novemba, akiwa amejilaza kitandani na huzuni yake, hadithi ya Gregor ikamjia. Mapema Desemba ilikuwa imekwisha.

Nirudi kwa Grete, maana kwa umri nilionao sasa ndiye ninayemfikiria zaidi. Mwanzoni yeye peke yake ndiye anayeingia chumbani. Anamwekea kaka yake bakuli la maziwa yenye vipande vya mkate, kitu alichokipenda sana, anakuta hakunywa. Kinachofuata kinaonyesha mapenzi na akili: anatandaza gazeti kuukuu na kupanga vyakula vya kila namna, ajue ladha mpya za ndugu yake. Kuna mboga zilizoanza kuoza, mifupa ya chakula cha jana yake, zabibu kavu na lozi, na jibini ambalo siku mbili kabla Gregor alisema haliliki. Kisha anatoka na kufunga mlango, ndugu ale bila haya. Gregor naye ana adabu zake. Anajua sura yake inamtisha, basi siku moja anatumia saa nne kulivuta shuka kwa mgongo hadi kwenye kochi analojificha chini yake, limfunike lote, dada asilazimike kumwona.

Siku zinapita. Baba amepata kazi ya utarishi benki, na sare yake yenye vifungo vya dhahabu haivui hata anaposinzia kitini. Mama anashonea duka nguo za ndani. Grete anauza dukani mchana, usiku anajifunza hatimkato na Kifaransa. Amechoka. Sasa chakula anakisukuma ndani kwa mguu akikimbilia kazini, na jioni anakifagia nje bila kutazama kama kimeguswa. Vumbi linajikusanya kwenye kuta. Wanakuja wapangaji watatu wenye ndevu, na kila kisichotakiwa nyumbani kinatupwa kwa Gregor, hadi debe la majivu na pipa la taka la jikoni.

Ujanani nilimchukia msichana huyu. Baadaye niliishi katika nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, nikawaona watu wema, ninaowapenda, wakianza kufunga mlango wa chumba kile kwa kishindo. Siku hizi sina haraka ya kumhukumu Grete. Kafka pia hamhukumu. Anatuonyesha mguu ukisukuma sahani, anaendelea na kazi yake.

Wala msije mkamchanganya Grete na Ottla. Kafka alipogunduliwa kuwa na kifua kikuu mwaka 1917, Ottla ndiye aliyempeleka kijijini Zürau, alikokuwa akiendesha shamba, akamtunza huko. Kafka alifariki tarehe 3 Juni 1924, akiwa na miaka 40. Dada zake wote watatu waliuawa na Wanazi miaka ya Vita Kuu ya Pili. Ottla, mwaka 1943, akiwa mfungwa huko Theresienstadt, alijitolea kufuatana na kundi la watoto waliokuwa wakisafirishwa, na safari ile iliishia kambi ya mauaji ya Auschwitz. Hilo halimo kitabuni na halikielezi kitabu. Nimewaambia kwa sababu msomaji akimaliza Mgeuko hubaki na picha ya dada mmoja tu, nami sipendi iwe hiyo peke yake.

Tuje kwenye matufaha. Siku moja mama anamwona Gregor chumbani na kuzimia, Gregor anatoka nje, baba anarudi nyumbani. Baba anajaza mifuko matufaha kutoka kwenye bakuli la matunda na kuanza kumrushia mwanawe, moja baada ya jingine, hadi Gregor anasimama kwa hofu. La kwanza linapita, lingine linamparuza, lingine linazama mgongoni. Linabaki humo, linaoza humo, na kwa zaidi ya mwezi hakuna anayethubutu kulitoa. Waandishi wa ngano hutumia mikuki na mapanga ya moto. Kafka alitumia tunda la mezani, na ndiyo maana linauma.

Hapo ndipo ninapokumbuka hadithi yetu wenyewe. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Waswahili: kisa cha Sultani Darai. Ndani yake yumo maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni na kununua paa. Paa anasema, na paa ana akili kuliko bwana wake. Anamposea binti wa sultani, anamuua joka la vichwa saba, anampatia nyumba ya fahari na mali tele. Kisha paa anaugua. Bwana hataki hata kwenda kumtazama. Anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha kumdhalilisha. Mke anamlilia, anamsihi mumewe, wapi. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo, anatupwa kisimani.

Mnaona jinsi Gregor na yule paa walivyo ndugu? Wote wawili wameibeba nyumba, wote wawili wana mwili wa mnyama, wote wawili wanapewa makombo siku ya kuugua. Kama Kafka angeketi barazani Unguja, msimulizi asingehitaji kumfafanulia chochote hadi hapo. Lakini ngano yetu haiachi mambo yaishe hivyo. Mke analala akiota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Bwana analala akiota yuko jaani anachakura, anaamka yuko jaani, vumbi limemjaa. Hesabu imefungwa, na watoto wanaosikiliza wanapumua.

Kwa Kafka hakuna wa kuifunga hesabu. Usiku mmoja Grete anawapigia fidla wapangaji sebuleni, nao wanachoshwa upesi. Anayeusikia muziki kwa kweli ni Gregor, anayejitambaza nje ya chumba chake amechafuka vumbi na nywele, akiufuata. Wapangaji wanamwona, wanatishia kuhama bila kulipa. Anayesimama na kusema kwamba kitu hiki lazima kiondolewe ni Grete. Hoja yake ni kwamba kingekuwa Gregor kweli, kingetambua kwamba watu hawawezi kuishi nacho, kikaondoka chenyewe. Gregor anajigeuza kwa shida na kurudi chumbani. Anawawaza jamaa zake kwa upendo, anakubali kwa moyo wote kwamba ni lazima atoweke, na baada ya saa ya mnara kugonga saa tisa usiku anakufa. Asubuhi mama mzee wa kufagia anamsukuma kwa ufagio, anatangaza habari, na baadaye anaeleza kwa bashasha kwamba wasihangaike na namna ya kukitoa kile kitu, yeye ameshamaliza.

Nipumzike kidogo hapa, maana najua kuna wanaotaka kuchora. Vijana wote hutaka kumchora. Ni mende? Ni dundu? Vladimir Nabokov, mwandishi Mrusi aliyefundisha Marekani katika Chuo Kikuu cha Cornell na aliyekuwa mtafiti wa vipepeo, alilichukua swali hilo kwa uzito wote. Alifikia uamuzi kwamba ni aina ya dundu, na kwamba chini ya gamba lile la mgongoni lazima kulikuwa na mabawa. Gregor hakuwahi kujua kwamba anaweza kuruka. Ni wazo zuri mno, nalifurahia kila ninapolikumbuka. Kafka angelikataa. Mwaka 1915, aliposikia kwamba kuna mchoraji wa jalada, alimwandikia mchapishaji kumsihi kwamba mdudu asichorwe, hata kwa mbali. Alipendekeza wachorwe wazazi na dada katika chumba chenye mwanga, na mlango wa chumba cha pili ukiwa wazi, ndani giza. Jalada lilipotoka lilionyesha mwanamume wa kawaida aliyevaa joho la nyumbani, amefunika uso kwa mikono, na nyuma yake mlango ulio wazi. Kwa hiyo chora unavyotaka, ila ujue mwenye hadithi alitaka uwatazame waliobaki sebuleni.

Na waliobaki sebuleni ndio wanaomaliza kitabu. Kafka hakuupenda mwisho wake. Safari ya kikazi ilimkatiza katikati ya kuandika, akalalamika kwamba imeiharibu hadithi, na mwaka 1914 aliandika katika shajara kwamba mwisho ule hausomeki. Mimi nasema mwandishi aliyeandika kitu kikubwa si lazima awe hakimu wake mzuri. Mwisho ule ndio unaoifanya hadithi hii kuwa ya karne yake. Baba, mama na Grete wanawafukuza wapangaji. Wanaandika barua tatu za kuomba ruhusa kazini. Wanapanda tramu kwenda nje ya mji; ni mwishoni mwa Machi, jua limejaa ndani ya behewa. Wanajadili mustakabali wao na kuona kwamba si mbaya hata kidogo: kazi zote tatu zina matumaini, na watahamia nyumba ndogo zaidi, ya bei nafuu, iliyo mahali pazuri. Wazazi wanamtazama binti yao, wanaona amenawiri pamoja na taabu zote, na wote wawili, bila kuambizana, wanafikiri kwamba wakati wa kumtafutia mume mwema umefika. Safari inapoisha Grete ndiye wa kwanza kusimama, anajinyoosha.

Nilipowasomea vijana ukurasa huo, walikasirika. Walitaka baba arudi kwenye madeni. Walitaka wale wapangaji warudi na polisi. Mmoja alitaka tramu ipinduke. Nikamwambia kalamu ilikuwa mkononi mwa Kafka, reli zilikuwa zake na dereva wake, na hakuipindua. Akauliza kwa nini. Tukabishana hadi taa zikazimwa, na tulichokubaliana ni kimoja tu: kwamba wazazi wale walimtazama Grete kwa muda mrefu mno.